Mjumbe Aliyeandika Saa

Marcellin Kambale aliingia kwenye bodi ya shule kwa kosa la kuuliza swali. Ulikuwa mkutano wa wazazi, Jumamosi, katika ukumbi wa shule moja ya Troyeville, Johannesburg, ambayo tuiite Upeo, kwa kuwa jina lake kamili ni refu na lina neno "ubora" mara mbili. Mwenyekiti, Bwana Ramoshaba, alikuwa anaeleza jinsi mwaka ulivyokwenda vizuri. Marcellin akanyoosha mkono na kuuliza kumbukumbu za mkutano uliopita ziko wapi, maana huko anakotoka hakuna kikao kinachoanza kabla hazijasomwa.

"Safi sana," akasema Bwana Ramoshaba. "Tumepata mjumbe wa kujitolea."

Watu wakapiga makofi. Marcellin alidhani wanalipigia swali.

Upeo ni shule ya ubia. Maana yake, serikali ya jimbo inatoa walimu, jengo na madawati, na taasisi moja ya hisani inatoa nembo, bango la getini na watu wa kuamua. Kwa kuwa inaendeshwa kwa kodi ya umma, mkataba uliwekewa masharti. Vikao vya bodi viwe wazi na vitangazwe siku saba kabla. Mzazi akiomba kumbukumbu apewe. Uamuzi usipitishwe bila mzazi hata mmoja kuwepo. Mjumbe mwenye maslahi yake binafsi katika jambo fulani ayataje, kisha atoke chumbani wakati wa kura. Ni masharti mazuri, ya kujivunia. Yalichapwa kwenye karatasi nzito, yakapewa jalada la bluu lililoandikwa "Sera ya Uwazi", yakafungiwa kwenye kabati la kioo ofisini ili kila apitaye aone jalada. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mwenyekiti.

Marcellin ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akasomea ualimu, akafundisha historia miaka sita kabla historia yenyewe haijamkimbiza. Vyeti vyake vilipelekwa kuhakikiwa Pretoria mwaka 2011, na hadi leo jibu ni kwamba vinashughulikiwa. Wakati vikishughulikiwa, amekuwa mlinzi kwenye mlango wa jengo la wanafunzi wa chuo kule Doornfontein. Hivyo mtu aliyefuzu kufundisha vijana amepewa kazi ya kuhakikisha vijana wana kadi ya kuingilia. Anaishi Berea, chumba kimoja katika fleti yenye familia nne, na mkewe Arlène, msusi, na binti yao Sagesse wa miaka kumi na mitatu, ambaye mwaka huo alikuwa gredi ya saba pale Upeo.

Malezi yake ya utu uzima yametoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mutuelle, chama cha watu wa Butembo waishio Johannesburg, ambamo amekuwa katibu miaka kumi na moja. Huko taarifa ya kikao, wanayoiita PV, husomwa kwa sauti, neno kwa neno, na wanachama husahihisha. Waliwahi kumaliza alasiri nzima wakibishana kama marehemu fulani alichelewa mazishi ya kaka yake kwa dakika kumi au ishirini. Kila mtu husaini mara mbili, akifika na kabla ya sala ya kufunga, ili asitokee wa kusema alikuwepo pale chakula kilipokuwa kinapakuliwa tu.

Sehemu ya pili ni geti. Kila mlinzi wa Johannesburg ana daftari la matukio, na Marcellin analiheshimu kuliko kampuni inavyomheshimu yeye. Kila kitu kinaingia na saa yake. 07h00, nimepokea lindo, hali shwari. 07h40, panya mmoja, mkubwa. 08h15, panya huyo huyo. Alipoanza vikao vya bodi hakujua namna nyingine ya kusikiliza. Akanunua daftari la kurasa tisini na sita, akakaa mwisho wa meza, akaandika.

"Baba Sagesse, unaandika nini muda wote huo?" aliulizwa siku ya kwanza na Mwatumu, mama wa Bakiri, mjumbe mwingine wa wazazi, mwanamke wa Tanga anayeuza vitenge na udi mjini. Alikuwa na miaka miwili kwenye bodi na mbinu moja, kukaa karibu na sinia la sambusa.

"Saa tu, Mama Bakiri. Minaandika saa."

"Saa si ipo ukutani."

"Ile ya ukutani haiandikake."

Akamgeuzia daftari. Mwatumu akasoma: 10h05, mwenyekiti amefungua kikao. 10h09, amefungua tena, projekta iligoma. 10h30, neno "dira" mara ya sita. 10h41, Mama Bakiri sambusa ya nne.

"Hii ya nne ufute."

"Haifutwake."

"Basi andika na wewe umekula tatu."

Akaandika. Alikuwa amekula tatu kweli.

Bodi ilikuwa na watu saba. Wanne walitoka kwenye taasisi, Bwana Ramoshaba akiwemo. Wazazi walikuwa wawili. Wa saba alikuwa mwalimu wa hesabu aliyewakilisha walimu, mwanamume mwembamba ambaye katika miaka mitatu alikuwa amesema "hapana, asante" mara moja, kwa chai.

Kikao cha Agosti kilikuwa kifupi. Mwanzoni Yasmin, karani wa shule aliyekuwa katibu wa bodi, alizungusha orodha ya mahudhurio yenye safu mbili, kuingia na kutoka. "Saini zote mbili kabisa, Bwana Kambale," akasema kwa upole, "tusisumbuane baadaye." Hapa ndipo Marcellin alipofanya jambo ambalo, kama kijana yeyote wa lindo lake angelifanya, yeye mwenyewe angemwandikia barua ya onyo. Alisaini kutoka akiwa ndiyo kwanza anaingia. Ilikuwa Jumamosi, Yasmin alikuwa na tabasamu zuri, na kalamu ilikuwa mkononi tayari. Watu wameuza nchi kwa sababu hafifu zaidi.

Mwalimu wa hesabu aliondoka mapema kumchukua mwanawe. Saa tano na dakika kumi mwenyekiti akafunga kikao bila uamuzi wowote, akawashukuru wazazi kwa muda wao adhimu, akasema wale wa taasisi wabaki kidogo kumalizia chai. Marcellin na Mwatumu wakashuka.

Wajumbe wa bodi walizoea kupita getini wakipunga mkono. Marcellin hakuwahi. Mlinzi hatoki kwenye geti la mlinzi mwenzake bila kuandikwa, huo ni utovu wa adabu, kama kula kwa mtu ukaondoka bila kuaga. Mlinzi wa Upeo alikuwa Pitchou, kijana wa Lubumbashi.

"Mukubwa, wewe ni wa bodi, pita tu."

"Andika, Pitchou. Mimi na huyu mama."

Pitchou akaandika, akacheka.

Barua ikaja Septemba. Iliwataarifu wazazi kumi na wanne, kwa furaha, kwamba ili kuimarisha uhusiano wa shule na jirani zake, kuanzia Januari gredi ya nane itapokea wanaoishi ndani ya kilomita mbili tu. Berea iko karibu kilomita tatu. Sagesse Kambale, kwa hiyo, alitakiwa kila la heri popote aendapo. Wakati huo popote kwingine palikuwa pameshajaa, maana maombi ya gredi ya nane yalifungwa Agosti, na barua ilikuwa na busara ya kusubiri. Aya ya mwisho ilisema sera ilipitishwa katika kikao cha Agosti bila kupingwa, wajumbe wote saba wakiwepo. Majina yalifuata. La tano lilikuwa la baba yake.

Sagesse aliisoma mara mbili, akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Papa, ulinipigia kura nitoke?"

Marcellin alifundisha watoto miaka sita na hakukumbuka kama kuna aliyewahi kumuuliza swali gumu kuliko hilo.

Jumatatu alibadilishana shifti akaenda ofisini kuomba kumbukumbu za kikao. Yasmin akamwambia ni haki yake kabisa. Ajaze fomu. Fomu haziko ofisini, ziko kwenye tovuti. Tovuti ilisema fomu ziko ofisini. Aliporudi aliambiwa aandike barua ya kawaida aeleze sababu za kutaka kujua kilichoamuliwa na bodi ambayo yeye ni mjumbe wake.

"Na majibu lini, dada Yasmin?"

"Ndani ya siku thelathini. Za kazi."

"Naweza basi kusoma ile Sera ya Uwazi?"

Wote wawili wakageukia kabati la kioo. Jalada la bluu lilikuwa limetulia mahali pake.

"Hata mimi sijaisoma," Yasmin akasema kwa sauti ya chini, na inawezekana lilikuwa ndilo neno la uwazi zaidi lililowahi kutamkwa ofisini humo. Kisha akatazama mlango, akaongeza kwamba mkataba kamili uko pia idara ya elimu, mjini, na kule hawana kabati.

Marcellin alikwenda. Alikaa siku mbili kwenye benchi la idara, akanakili kwa mkono kurasa tisa. Katika ukurasa wa sita alikuta kwamba kumbukumbu za kikao hazina nguvu hadi zisomwe na kuthibitishwa katika kikao kinachofuata. Alinakili mstari huo mara mbili, bila sababu ila raha.

Mwatumu, ambaye mwanawe Bakiri alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne, alichagua njia nyingine. Kama shida ni kilomita, akasema, basi atahama. Mbele ya shule, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na jengo jipya la fleti lenye bango kubwa. Akaenda kuulizia chumba. Akarudi na fomu ya mkataba wa upangaji.

"Baba Sagesse, soma hapa chini. Wakurugenzi."

Wakurugenzi walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Wote Ramoshaba.

"Pengine ni jina la kawaida," akasema Marcellin.

"Wewe nawe. Kawaida kama Kambale?"

"Kambale ni wengi sana kwetu. Kila mtoto wa pili wa kiume."

"Nimemuuliza wakala. Ni mke wa mwenyekiti na kaka wa mwenyekiti. Haya, bishana tena."

Hakubishana. Alikuwa anafikiria jambo jingine, ambalo alimweleza Arlène nyumbani wakati mkewe anafumua nywele za mteja. Ili aseme kwamba hakuwepo, itambidi aseme kwamba ile saini ya kutoka aliiweka kabla ya wakati. Mbele ya watu. Na itaandikwa.

"Papa Sagesse," Arlène akasema bila kuacha nywele, "ile kazi njo inatulisha. Chef yako akisikia kama ulisaini uongo?"

"Atanipatia barua."

"Ya kufukuza?"

"Ya onyo. Labda. Miaka kumi na ine sijapata hata moja."

"Na mtoto akikosa masomo?"

Mteja, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Chukua onyo."

Kikao cha Oktoba kilifunguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Bwana Ramoshaba akasema kumbukumbu zilizopita zichukuliwe kama zimesomwa.

"Hazijasomwa," akasema Marcellin.

"Ni namna ya kusema, Bwana Kambale. Tunaokoa muda."

"Nina muda. Nimebadilishana shifti." Akasoma ukurasa wa sita wa mkataba, taratibu, kwa sauti ileile anayosomea PV Jumapili baada ya kanisa. Watu wa taasisi wakatazamana kama wageni waliomkuta mbwa sebuleni.

Yasmin akasoma kumbukumbu. Alipofika mahali paliposema sera ya makazi ilipitishwa saa tano na dakika thelathini na tano na wajumbe wote saba, Marcellin akafungua daftari lake. 10h55, mwalimu wa hesabu ameondoka. 11h10, kikao kimefungwa, hakuna uamuzi. 11h14, mimi na Mama Bakiri tumetoka getini.

"Hilo ni daftari lako la nyumbani," mwenyekiti akasema. "Sisi tuna saini yako. Safu ya kutoka, saa tano na dakika arobaini."

"Saini ni yangu. Saa si mwandiko wangu. Nilisaini kutoka wakati naingia. Nilikosea, na ninaomba iandikwe kwamba nilikosea."

Bwana Ramoshaba akaegemea kiti. "Mwajiri wako anafahamu kwamba unasaini nyakati za uongo? Unalinda watoto wa watu, Bwana Kambale. Naona nina wajibu wa kuwaandikia. Kwa ajili ya uwazi."

"Waandikie," akasema Marcellin. "Lakini kwanza kiletwe kitabu cha geti."

Yasmin akashuka kukifuata, akarudi mikono mitupu. Pitchou alikuwa amekataa. Kitabu hakitoki getini, na yeye haachi lindo, hizo ndizo amri alizopewa na shule yenyewe kwa maandishi. Kati ya kanuni zote za Upeo ilionekana kuna moja iliyokuwa inafuatwa, na ilikuwa mikononi mwa mtu wa Lubumbashi mwenye kofia.

Hivyo bodi ikaenda getini. Watu wanane walishuka ngazi kwa mstari, karani na karatasi zake, Mwatumu na sambusa mbili kwenye tishu. Pitchou akafungua ukurasa wa Agosti. Mwalimu wa hesabu, 10h56. Kambale Marcellin na mama mmoja, 11h14. Kisha, chini yake, Bwana Ramoshaba na wenzake watatu, 11h50, bila saini, "wamepunga tu".

"Mama mmoja," akasema Mwatumu. "Hata jina sina."

"Nisamehe, mama. Sikukujua ile siku."

Ilikuwa imethibitika kwamba uamuzi ulipitishwa na watu wanne na birika. Bwana Ramoshaba, hata hivyo, ni mtu aliyehudhuria mafunzo ya uongozi, na aliona mara moja fursa ndani ya changamoto. Kwa kuwa wajumbe wote sasa wapo, akasema, wazazi wakiwemo, na kwa kuwa sera imo kwenye ajenda chini ya "Mengineyo", basi ipigiwe kura upya, hapahapa. Ni jambo la dakika moja. Taasisi ina kura nne.

Kilichompita ni mahali aliposimama. Nyuma ya bega lake, ng'ambo ya barabara, bango la fleti mpya lilikuwa linaonekana na bodi nzima bila miwani: "Kaa hapa, gredi ya nane ya mwanao imehakikishwa." Na lindo la Pitchou liko kwenye njia ya miguu, ambako Jumamosi asubuhi watu hupita. Wanawake wawili waliotoka spaza, kiduka cha mtaani, walikuwa wamesimama kusikiliza, na mzee mmoja mwenye mkate alikuwa anauliza kama kuna aliyekufa. Kwa mara ya kwanza tangu Upeo ianzishwe, kikao cha bodi kilikuwa wazi kwa umma.

Mwatumu akatoa fomu ya upangaji kwenye mkoba, akaikunjua juu ya kitabu cha geti, akaweka kidole kwenye wakurugenzi.

"Mwenyekiti, hawa ni jamaa zako?"

"Sioni uhusiano."

"Mimi sijauliza uhusiano na nini. Nimeuliza ni jamaa zako?"

Wote wakatazama bango. Mzee wa mkate akalisoma kwa sauti, maana aliona halijasomwa.

"Mke wangu," akasema Bwana Ramoshaba hatimaye, "ana shughuli zake."

Marcellin akasoma sharti la maslahi binafsi. Mjumbe huyo ayataje, atoke chumbani, asipige kura. Hapakuwa na chumba cha kutoka. Baada ya ushauri mfupi ilionekana kwamba, kikao kikiwa nje, kutoka ni kuingia ndani. Pitchou akamfungulia mlango mdogo.

"Nikuandike umeingia, mukubwa?"

"Andika unavyotaka."

Yasmin akasoma sera, akaomba wanaounga mkono. Mikono mitatu ya taasisi ikapanda, si kwa juu sana. Wanaopinga. Marcellin na Mwatumu. Wawili kwa watatu. Marcellin alifikiria jinsi atakavyomwambia Sagesse kwamba safari hii kweli alikuwepo.

Mwalimu wa hesabu alikuwa bado anatazama bango. "Hao watoto kumi na wanne ninawafundisha," akasema. Ilikuwa sentensi yake ya pili katika miaka mitatu, na watu wa taasisi walionekana kushangaa zaidi sauti kuliko maneno. Akanyoosha mkono. Watatu kwa watatu. Kura ya kuamua ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ndani, kwa mujibu wa sheria.

"Imeanguka," akasema Yasmin, akaandika. Akamgeukia Marcellin, akamwomba saa kamili.

"11h02."

Bwana Ramoshaba alitimiza ahadi yake. Barua ilifika kwenye kampuni ya ulinzi wiki iliyofuata, na Marcellin akapewa onyo la maandishi kwa kusaini muda usio sahihi akiwa nje ya kazi, kosa ambalo meneja alilazimika kulitafutia kifungu. Alilisaini mbele ya meneja baada ya kulisoma lote, akaandika saa. Bodi nayo ilijifunza. Imeunda kamati ndogo ya uwazi, inayokutana faragha.

Januari, siku ya kufungua shule, Marcellin alimsindikiza Sagesse kutoka Berea kwa miguu, kilomita karibu tatu, sketi yake ya gredi ya nane ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Walipokaribia shule, kwenye robot, yaani taa za barabarani, binti akasimama.

"Papa, ishia hapa. Sharp?"

"Kwa nini hapa?"

"Wote wanakujua. Wanakuita Baba wa Saa."

Marcellin alitaka kuuliza kina nani, na tangu lini. Taa ikawaka kijani. Sagesse akavuka na wenzake bila kugeuka, akapita getini, na Pitchou akampungia baba yake mkono kutoka mbali kuonyesha kwamba ameingia.

Marcellin akatazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na sita, na lindo lake Doornfontein lilikuwa limeanza bila yeye.